Junagadh Si Kitanda cha Kumsubiria Simba

Mlinzi wa getini aliniangalia mara moja tu, akaninyooshea mkono kuelekea nyuma ya jengo. "Wachezaji wanapita kule," alisema kwa Kihindi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa Rajkot, alikuwa bado anamlipa dereva. Nilikuwa na begi la mgongoni lenye kompyuta, na chumba nilikuwa nimekilipia siku nne kabla. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni, hoteli ilikuwa karibu na lango la hifadhi ya Gir, na kila Jumamosi jioni wanaume wenye nywele kama zangu huja pale kupiga ngoma na kupasua nazi kwa vichwa mbele ya wageni waliotoka kutazama simba. Kwa hesabu ya mlinzi, sikuweza kuwa mtu mwingine.

Hoteli siitaji. Mlinzi aliomba radhi, meneja akaomba radhi, nikaletewa juisi ya embe ya bure, na embe za kule, sharti nikiri, hazina mfano. Kama ni hilo tu, nisingeandika. Ninaandika kwa sababu ya kipeperushi nilichokikuta juu ya mto wa kitanda, chenye orodha ya mambo ya kufanya. La kwanza: simba. La pili: simba wa Devalia, ndani ya uzio, endapo wale wa kwanza hawakuonekana. La tatu: ngoma ya kabila la Kiafrika, baada ya chakula cha jioni. La nne: duka la zawadi. La mwisho, kwa mstari mmoja: Junagadh, mji wa kale, kilomita sitini hivi, ukipata muda.

Ugomvi wangu ni na orodha hiyo, na zote zinazofanana nayo. Kabla hujaniambia kwamba ni karatasi tu, nikuambie najua zinavyotengenezwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, lakini kabla ya kuja India kusoma nilifanya kazi miaka mitatu katika ofisi ya watalii Arusha. Kazi yangu ilikuwa kuandika orodha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika, kati ya kreta na chakula cha mchana, "Boma la Wamasai, dakika 45". Niliweka boma pale kwa sababu gari lilihitaji mahali pa kusimama. Kwa hiyo ninaposema orodha ni jambo la haki na dhuluma, nasema kama mtu aliyewahi kushika kalamu.

Tuanze na simba, nisije nikaambiwa ninamwonea. Gir ndiyo makazi pekee yaliyobaki duniani ya simba wa Asia wanaoishi porini. Zamani walienea kutoka nchi za Mashariki ya Kati hadi ndani kabisa ya India. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki wachache mno, wote katika msitu huu mmoja, na waliookoka waliokoka kwa kuwa manawabu wa Junagadh walizuia uwindaji kwenye ardhi yao. Mwaka 1965 serikali ilitangaza hifadhi. Mwaka 1968 walihesabiwa simba 177. Mwaka 2020 walikuwa 674, na hesabu ya 2025 ikatoa 891. Anayebeza kazi hiyo hajawahi kuona pori likifa. Mimi niliwaona watatu asubuhi ya Jumapili, jike na watoto wawili, wamelala kwenye vumbi chini ya msaji uliopukutika majani, na nilifurahi kama mtoto, ingawa nimetoka nchi yenye simba kuliko nchi yoyote nyingine.

Lakini orodha haisemi simba hao waliishi na nani. Msitu wa Gir una wafugaji, Wamaldhari, wanaoishi na nyati wao wa maziwa katika vijiji vidogo viitwavyo nes, vilivyozungushiwa uzio wa miiba, kama boma. Simba alikula mifugo yao kwa vizazi na wao wakaendelea kukamua. Miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishwa zikapewa mashamba nje ya msitu, watu wasiowahi kushika jembe. Katika kipeperushi changu Wamaldhari hawakuwemo hata kwa mstari mmoja. Nadhani ni kwa sababu hawapasui nazi.

Sasa, jambo lililonikaa kooni ni hili. Wataalamu wa wanyama kwa miaka mingi wamekuwa wakionya kwamba kuwaweka simba wote mahali pamoja ni hatari: gonjwa moja linaweza kuwamaliza. Mwaka 2018 kirusi cha homa ya mbwa kiliingia upande wa mashariki wa Gir, na zaidi ya simba ishirini wakafa katika wiki chache. Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2013, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamuru baadhi ya simba wapelekwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh. Hawakupelekwa. Gujarat ilipinga kabla ya hukumu na ikaendelea kuvuta miguu baada yake. Simba ni fahari ya Gujarat, hatolewi. Msitu wa Kuno hatimaye ulipokea wanyama wengine, duma walioletwa kwa ndege kutoka Namibia mwaka 2022 na Afrika Kusini mwaka uliofuata.

Simba, basi, ni mwenyeji kiasi kwamba hawezi kuvuka hata mpaka wa jimbo. Wala hakuna anayemuuliza asili yake, ingawa wanasayansi wanamweka yeye na simba wa Serengeti katika spishi moja. Lakini Msidi, ambaye mababu zake waliletwa na jahazi karne kadhaa zilizopita, ambaye lugha yake ya mama ni Kigujarati, ambaye babu yake na babu wa babu yake wamezikwa kwenye udongo wa Gir, huyo bado ni "kabila la Kiafrika", namba tatu, baada ya chakula. Mnyama amepewa uraia na mtu amebakishwa kuwa maonyesho. Hilo limeandikwa kwenye karatasi ya kung'aa na kuwekwa juu ya mto wangu, na sidhani kama aliyeandika aliliona. Hata mimi nilikuwa silioni nilipokuwa naandika zangu.

Nirudi kwenye mji, maana mji ndio uliodhulumiwa kwanza. Siku mbili baadaye tulipanda basi kwenda Junagadh, safari ya saa moja na nusu hivi, na nikaona ni kitu gani kilichopewa mstari mmoja.

Njiani kuelekea mlima Girnar kuna mwamba mkubwa wa matale, umejengewa nyumba juu yake. Mfalme Ashoka aliamuru maagizo yake kumi na manne yachongwe hapo, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Agizo la kwanza kabisa linahusu wanyama. Mfalme anaeleza kwamba zamani jikoni kwake walichinjwa wanyama maelfu kila siku kwa ajili ya mchuzi, na kwamba sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na paa mwenyewe si kila siku, na siku za mbele hata hao hawatachinjwa. Agizo la pili linazungumzia tiba ya watu na tiba ya wanyama, na visima vya kuchimbwa kando ya barabara kwa ajili ya wote wawili. Lipo agizo jingine linalomtaka mtu aiheshimu dini ya jirani yake. Mwamba huohuo una maandishi ya mfalme Rudradaman, ya mwaka 150 hivi, akieleza alivyolitengeneza bwawa lililobomolewa na dhoruba, na ya enzi ya Skandagupta, miaka kama mia tatu baadaye, bwawa lilipobomoka tena. Nilisimama pale nikafikiria magari ya wazi niliyoyaona alfajiri kwenye lango la Gir, yamepanga foleni, watu wamevaa kofia zenye picha ya simba. Hapa kuna jiwe ambalo mtawala, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika kwamba mnyama ana haki juu yetu, na tulikuwa wageni wawili. Watatu, ukimhesabu mlinzi aliyekuwa amesinzia.

Anayesema anampenda simba na hataki kusimama mbele ya jiwe hilo, mimi simwamini. Anachopenda ni picha.

Halafu kuna Girnar penyewe. Ngazi zake za mawe zinakaribia 10,000. Tulianza kupanda saa kumi alfajiri kwa sababu ni Mei na jua la Mei kule halina utani. Tangu Oktoba 2020 kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vinakupandisha hadi hekalu la Ambaji kwa dakika chache, na siwalaumu wazee wanaovitumia. Lakini kwenye ngazi tulipishana na bibi wa Kijaini aliyepanda peku huku akipumzika kila ngazi ya ishirini, na wanaume wawili waliombeba mgonjwa kwenye kiti kilichofungwa kwenye mti, mabegani, kazi waliyoifanya baba zao. Mahekalu ya Wajaini yako njiani, ya Wahindu yako juu zaidi, na Waislamu nao wana makaburi ya mapiri wao kwenye vilima vya jirani. Mlima mmoja unabeba watu wote hao bila mmoja wao kutangazwa kuwa burudani ya mwingine.

Ngome ya Uparkot ina visima viwili vilivyochongwa ndani ya mwamba, Adi Kadi na Navghan, ambavyo unavishukia kwa ngazi mpaka hewa inapoa. Juu ya ukuta kuna mzinga uliotengenezwa Misri mwaka 1531 na kuletwa na Waturuki hadi Diu kupigana na Wareno, walewale waliokuwa wakizishambulia Kilwa na Mombasa zetu katika karne hiyohiyo. Katikati ya mji kuna makaburi ya kifahari ya nawabu na ya waziri wake. Lile la waziri lina minara yenye ngazi zinazozunguka kwa nje kama mkia wa kinyonga, na siku tuliyokwenda watoto walikuwa wakicheza kriketi chini yake. Mtu wa chai aliye jirani alitusimulia habari za nawabu wa mwisho, aliyependa mbwa kupindukia mpaka akawafungia ndoa, aliyetaka nchi yake iingie Pakistan mwaka 1947 kisha akakimbilia Karachi, na kura ya Februari 1948 ambayo Pakistan ilipata kura 91 tu. Nawabu huyohuyo, kwa mujibu wa masimulizi ya kule, ndiye aliyekata embe la Talala, akaona rangi yake, akaliita kesar, yaani zafarani.

Tulikula mkate wa uwele uitwao rotlo, biringanya la kuchoma lililopondwa na kitunguu saumu, na mtindi mwepesi wenye bizari. Nilimwambia mwenye hoteli ndogo ile kwamba kwetu tunasema gari, pesa, laki, chapati, na maneno hayo tumeyapata kwao. Alimwita mkewe atoke jikoni aje asikie. Tulikaa saa nzima tukitafutiana maneno. Hakuna orodha yenye kipengele hicho, wala haiwezi kuwa nacho, lakini ni lazima mtu awe na siku ya kukaa ili jambo kama hilo limtokee. Orodha inayouanza na kuumaliza mji kwa mstari mmoja inakunyima siku hiyo.

Siku ya mwisho tulikwenda Jambur, kijiji cha Wasidi karibu na Talala. Sikwenda kutafuta jamaa zangu waliopotea. Hilo nalo nimelichoka, Waafrika wanaofika Jambur na machozi tayari, wanataka kukumbatiwa. Nilikwenda kwa sababu mmoja wa wapigaji wa Jumamosi ile alinialika. Nilimwita chacha, kama wenzangu wa Rajkot walivyonifundisha kumwita mtu wa rika la baba yangu mdogo. Alitukaribisha karibu na ziara ya Nagarchi Pir, mtakatifu wanayempigia ngoma zao. Ngoma wao huiita goma. Wana ngoma waiitayo musindo, nami nilikulia jirani na nyumba zilizokuwa na msondo. Mwenzangu alitafsiri, lakini kwa maneno hayo mawili hakuhitajika.

Chacha alinieleza kwamba goma ni ibada. Inapigwa kwa pir, mtu hupandwa na hali, na nazi ni sadaka. Hotelini hupiga robo ya muda, haraka zaidi, na nazi hupasuliwa kichwani kwa sababu wageni hupiga makofi hapo. Wanavaa sketi za manyoya ya tausi na kujichora nyuso. "Hapa unaona tunavaa hivyo?" aliniuliza. Alikuwa amevaa shati la buluu lenye kalamu mfukoni. Kazi yake ya siku nyingine ni kupakia embe kwenye malori.

Hapo hapo Jambur anatoka Hirbaiben Lobi, mwanamke wa Kisidi aliyewakusanya wanawake wenzake katika vikundi vya kuweka akiba na kutengeneza mboji, akasimamia elimu ya watoto wa kijiji, na mwaka 2023 serikali ya India ikamtunukia nishani ya Padma Shri. Wapo pia Wasidi wanaoongoza magari ya watalii ndani ya hifadhi. Kipeperushi hakikutaja lolote kati ya hayo, kwa sababu kilihitaji watu wasio na kazi nyingine zaidi ya kuwa Waafrika.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimelitoa mwenyewe mara nyingi: watu wanapata riziki. Ukifuta namba tatu, chacha atakula nini? Ni swali la haki na sitalikimbia. Chacha mwenyewe aliniambia hataki ngoma za hoteli zifutwe. Anazihitaji. Alitaka vitu vitatu: walipwe bila kukatwa nauli ya gari lao, wale chakula kabla ya kucheza badala ya kusubiri mabaki nyuma ya jiko, na yule anayewatangaza kwenye kipaza sauti aache kusema wametoka Afrika, aseme wametoka Jambur, kilomita chache tu kutoka hapo. Sidhani kama yapo madai ya adabu kuliko hayo. Lolote kati yake haliigharimu hoteli hata bei ya kifungua kinywa cha wageni.

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Je, huko kwetu nako tunawachezeshea wageni watu? Nikamweleza habari za Wamasai, zile dakika 45, kuruka, shanga. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wanalipwa kiasi gani?" akauliza.

Sikujua. Miaka mitatu niliandika mstari ule, nikausahihisha nukta na mkato, nikaubadilisha kutoka dakika 30 hadi 45 wageni walipolalamika, na sikujua. Mwenzangu alinitazama akisubiri jibu atafsiri. Nikasema sijui, na hakutafsiri, kwa kuwa chacha alikuwa ameshaelewa kwa uso wangu.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda Gir, na najua vijana wetu wengi wanasoma Gujarat na watakwenda, nakuomba uipindue orodha. Anza Junagadh, siku mbili au tatu. Simama mbele ya mwamba wa Ashoka kabla hujapanda gari la kutafuta simba. Panda ngazi za Girnar kadiri magoti yatakavyoruhusu. Kumbuka hifadhi hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba, wakati wa masika yao, na mji haufungwi. Ukifika kwenye ngoma, uliza majina ya wapigaji, uliza wanalipwaje, uliza mbele ya meneja ili asikie kwamba wageni wanajali. Ukiwa Mwafrika, usikubali kupigwa nao picha ya "ndugu wamekutana" iwapo huwezi kusema jina la yeyote kati yao.

Nawe unayeandika orodha, Sasan au Karatu, wewe nakwambia kwa ukali zaidi kwa kuwa tu wa kazi moja. Binadamu hawezi kuwa kipengele kati ya mnyama na duka. Kama hujui analipwa kiasi gani, huna haki ya kuandika muda atakaocheza.

Usiku ule, nikiwa Rajkot, nilimpigia simu mtu aliyechukua nafasi yangu Arusha, dada mmoja mchapakazi niliyemfundisha mwenyewe. Nilimuuliza boma linapata kiasi gani kwa kila gari. Alikaa kimya, nikasikia karatasi zikipekuliwa. Alisema pesa humpa dereva, dereva humpa mzee wa boma, zaidi ya hapo hajui. Nikamwomba autoe ule mstari mpaka tujue. "Kaka," alisema, "nikiutoa, gari litasimama wapi?"

Nilimwambia amuulize dereva kwanza. Bado nasubiri jibu lake.